Toni na melodi: kumsikiliza Lokua Kanza

Mwaka 2021 Lokua Kanza alitoa albamu yake Moko, miaka 11 baada ya Nkolo. Kwa Kilingala, moko ni "moja". Aliyezoea sebene na kelele za atalaku atashangaa: mtu mmoja anaimba taratibu, gitaa linafuata, na nyuma yake sauti nyingine zimepangwa ngazi kwa ngazi kama okestra. Ni muziki wenye majonzi, na katika muziki wa namna hiyo kila silabi inasikika. Hapo ndipo isimu inapoingia.

Kanza alizaliwa Bukavu mwaka 1958, baba Mmongo, mama Mnyarwanda. Alikulia Kinshasa, akasomea muziki, akapiga gitaa katika kundi la Abeti Masikini, mzaliwa wa Kisangani, kisha akahamia Paris miaka ya 1980. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1993. Huimba kwa Kilingala, Kiswahili, Kifaransa na lugha nyingine. Sisi ambao kati ya Masako na soko la mjini tunabadilisha Kiswahili na Kilingala mara kadhaa tuna sababu ya kujiuliza: je, lugha hizi mbili zinaimbika kwa njia moja?

Hapana. Kilingala ni lugha ya toni. Moto, silabi zote mbili zikiwa chini, ni mtu. Motó, ya pili ikipanda, ni kichwa. Mɔ́tɔ, ya kwanza ikiwa juu, ni moto unaowaka. Wengi siku hizi hutamka ɔ kama o, kwa hiyo kupanda na kushuka kwa sauti ndiko kunakobaki kuyatenganisha maneno haya.

Mfano mkali zaidi uko karibu nasi. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi Yakusu na kuchunguza ngoma za Walokele, alionyesha kwamba katika lugha yao álambáká boili ni "alitazama ukingo wa mto", lakini álámbáká boíli ni "alimchemsha mama mkwe". Konsonanti ni zilezile, irabu ni zilezile. Kilichobadilika ni toni tu.

Sasa weka maneno kama hayo juu ya melodi ambayo tayari ina milima na mabonde yake. Ndivyo ilivyotokea kwa nyimbo za kanisa zilizotafsiriwa juu ya melodi za Ulaya. Hata kama ubeti wa kwanza unakubaliana na melodi, ubeti wa pili una maneno mengine, yaani toni nyingine, ilhali melodi ni ileile. Muktadha huokoa mengi, lakini msikilizaji hulazimika kukisia.

Mtunzi si lazima afuate toni hatua kwa hatua. Inatosha mara nyingi asipingane nayo: neno linapopanda, melodi ipande au itulie, isishuke. Katika wimbo wa kucheza, makosa humezwa na ngoma na marudio. Katika wimbo wa gitaa na sauti moja, hayana pa kujificha.

Kiswahili hakina toni za kutenganisha maneno, lakini kina sharti lake: mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua "Mutoto", jina la wimbo mmoja wa Kanza. Pigo zito la muziki linafaa kukaa kwenye to ya kwanza. Likihamia mwishoni, neno linasikika kama la mgeni. Na tazama kiambishi: pwani huandika mtoto, sisi husema mutoto. Ile u tunayoambiwa darasani ni kosa inampa mwimbaji irabu kamili ya kushikilia noti, mahali ambapo m peke yake ingemfunga midomo.

Wenzetu wanaotunga kwa ajili ya kwaya na vikundi vya mtaa wanaweza kujaribu hivi: kabla ya kutafuta melodi, tamka ubeti polepole, weka alama za toni kama ni Kilingala, au za mkazo kama ni Kiswahili. Kisha imba ubeti huo mbele ya mtu ambaye hajausoma, umwombe akueleze ulichosema. Akishindwa, badilisha melodi kabla ya kumlaumu yeye.