Dhana ya Kiungo katika Sitiari ya Mwili

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho waraka wake wa kwanza, yapata mwaka 55 B.K., sitiari ya mwili haikuwa ngeni. Mwanahistoria Livy asimulia kwamba mwaka 494 K.K. makabwela wa Roma waliuhama mji kwa hasira, naye Menenius Agrippa akawarudisha kwa ngano ya viungo vilivyoligomea tumbo, hata vikadhoofika vyenyewe. Ngano hiyo iliwatetea wakubwa. Paulo aliipindua: katika sura ya 12 adai kwamba viungo vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo vya lazima, na vilivyopungukiwa heshima ndivyo vipewavyo heshima zaidi.

Tafsiri ya Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, ilitumia neno “viungo”. Neno hili, litokanalo na kitenzi “unga”, lataja sehemu ya mwili na pia mahali mifupa ikutanapo. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili husikia jambo ambalo neno la Kiyunani “melos” halilitamki: kiungo ni kile kiungacho. Mwanachama aweza kujiuzulu akabaki mzima. Kiungo kikikatwa, mwili wote huumia, nacho hufa.