Kiti cha nakshi za Kihindi: Uimara wake haumo pichani

MTEJA anayemwendea fundi seremala mtaani Kimbo, Ruiru, akiwa na picha ya kiti cha mikono chenye nakshi za Kihindi, huwa amemletea nusu tu ya kiti hicho. Nusu ya pili, yaani aina ya ubao na jinsi vipande vinavyounganishwa, haionekani pichani. Hata hivyo, hiyo ndiyo huamua iwapo kiti kitarithiwa na wajukuu au kitaanza kulegea kabla ya mwaka kwisha.

Nchini India, mojawapo ya vitovu vya ufundi huu ni mji wa Sankheda katika jimbo la Gujarat. Huko, miguu na nguzo za kiti hukerezwa kwa mti wa msaji, kisha hupakwa rangi na lakiri hadi zing'ae, hasa rangi ya damu ya mzee na ya dhahabu. Msaji hupendwa kwa kuwa una mafuta ya asili yanayoukinga dhidi ya mchwa na unyevu, na haupindi kwa urahisi.

Mtindo huo si mgeni Afrika Mashariki. Katika karne ya 19, mafundi wa Lamu, Mombasa na Zanzibar waliunda kiti cha enzi, chenye egemeo refu, kamba zilizosukwa na njumu za pembe za ndovu au mfupa, ambacho mgeni wa heshima alikaribishwa kukikalia. Wataalamu hutofautiana kuhusu asili yake. Wapo wanaoitaja India, na wengine Ureno au Misri.

Katika nyanda za bara, ufundi wa Kihindi ulifuata reli. Kati ya 1896 na 1901, zaidi ya vibarua na mafundi 30,000 waliletwa kutoka India kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Miongoni mwao walikuwemo maseremala wa Kisingasinga, na baadhi yao walibaki na kufungua karakana mijini.

Katika kiti cha mikono, mzigo mkubwa huangukia pale mkono unapoungana na mguu, kwa kuwa mtu anapoinuka hujisukuma kwa mikono hiyo. Ndiyo sababu fundi stadi huchonga ulimi kwenye mwisho wa kipande kimoja, akachimba tundu kwa patasi katika kipande cha pili, akavitia gundi na kuvifunga kwa kigingi cha mti. Msumari pekee hautoshi. Ubao hutanuka na kunywea majira yanapobadilika, na msumari hulegea.

Aidha, ubao mbichi huharibu hata kiungo kizuri. Kanuni ya kale ya maseremala ni kuuacha ubao ukauke kivulini, penye upepo, kwa takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene.

Kusubiri huko ni gharama. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, bei ya mbao ilipanda. Fundi anayeshindana kwa bei hushawishika kutumia mkaratusi ambao haujakauka, kisha akauficha chini ya vanishi nzito. Anayeumia ni mnunuzi, na pia fundi mwaminifu ambaye kiti chake huonekana ghali bila sababu.

Mnunuzi hana haja ya kuwa seremala ili kujilinda. Akigeuze kiti, atazame viungo upande wa chini ambako vanishi haikufika. Akikalie, kisha ainuke akiisukuma mikono, na asikilize iwapo kinalia. Hatimaye amuulize fundi ubao ulikaushwa kwa muda gani.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema nacho huhitaji mnunuzi anayejua pa kutazama.