Dawa ya kuzuia kutapika: kwa nini panya hakufaa kuipima

Mgonjwa wa kansere akipewa dawa kali za kuua uvimbe, mara nyingi hutapika hadi kuchoka kabisa. Mmoja wa wajumbe wa kemikali wanaochochea hali hiyo ubongoni ni substance P, iliyogunduliwa mwaka 1931. Hufanya kazi kwa kushika kipokezi cha seli kiitwacho NK1, kama ufunguo katika kufuli.

Mwaka 1991 kampuni ya Pfizer ilitangaza molekuli CP-96,345, inayoziba kufuli hiyo. Kwenye kipokezi cha mtu na cha ng'ombe ilishika vizuri. Kwenye cha panya, mnyama wa kila siku katika laboratware, ilishika hafifu. Aliyemwamini panya peke yake angeitupa.

Jibu lilitoka katika jeni. Kipokezi cha panya kilinakiliwa mwaka 1989, cha mtu mwaka 1991. Vyote vina asidi amino 407, na 22 tu ndizo zinazotofautiana. Watafiti walipobadilisha mbili tu katika cha panya, ile ya 116 na ile ya 290, kikashika molekuli hiyo kama cha mtu.

Tena, panya hawezi kutapika! Majaribio ya kutapika yalifanywa kwa ferret, mnyama wa jamii ya kicheche. Mwaka 2003 Marekani iliruhusu aprepitant, dawa inayoziba NK1, kwa wagonjwa wa kansere.