Maktaba Moja, Tovuti Tatu: Ni Nani Mwenye Ufunguo?

Taasisi nyingi hapa Pwani siku hizi hazina tovuti moja tu. Skuli ina ukurasa wa karo, ina mwingine wa matokeo ya mtihani, na wa tatu wa michango ya ujenzi. Chama cha akiba na mikopo kina mlango wa wanachama na mlango wa maafisa. Mzazi au mwanachama aziona kama vitu mbalimbali, lakini chini yake mara nyingi mna kipande kimoja cha programu kifanyacho kazi ile ile kila mahali: kukagua nambari ya simu, kupokea malipo ya M-Pesa, kutoa risiti. Kipande hicho mafundi hukiita maktaba.

Kazi yangu ni kutunza seva na tovuti za namna hii, na suala hili limenifikia mara nyingi kutoka kwa viongozi wa kamati: je, maktaba hiyo iwekwe mahali pamoja tovuti zote zichote hapo, au kila tovuti iwe na nakala yake? Laonekana jambo la mafundi peke yao. Silo. Ndani yake mna pesa za watu na siri za watu.

Tuanze na maktaba yenyewe. Fundi huandika maagizo kwa maandishi ambayo binadamu aweza kuyasoma. Hayo huitwa msimbo chanzo. Kisha huyapitisha kwenye programu iitwayo kompaila, nayo huyageuza kuwa faili ambalo mashine yalielewa haraka, lakini mtu hawezi kulisoma kwa raha. Ni kama halwa. Ukipewa sinia utaila na utajua ni tamu, ila vipimo vya sukari, samli na iliki viko kwa mpishi. Kwa lugha ya Java faili hilo huishia na herufi jar, na kwa .NET ya Microsoft huishia na dll. Zipo zana za kulifumua, lakini maelezo aliyoyaandika fundi pembeni hayarudi, na majina mengi hupotea.

Sasa, njia za kuligawa kwa tovuti kadhaa ni tatu.

Ya kwanza ni kila tovuti kuwa na nakala yake ndani ya folda yake. Uzuri wake ni kwamba tovuti moja ikibadilishwa, jirani yake hasumbuki. Ubaya wake hujitokeza siku ya marekebisho. Wasomaji wakumbuka kwamba mwaka wa 2019 Kenya ilianza kutoa nambari za simu za rununu zinazoanza na 01, baada ya miaka mingi ya 07. Maktaba nyingi za malipo zilikuwa zimeandikwa zikubali 07 peke yake. Chukua skuli yenye tovuti tatu na nakala tatu. Fundi arekebisha mbili, ya tatu aisahau. Mzazi mwenye laini mpya alipa karo vizuri, aona matokeo vizuri, lakini akitaka kutoa mchango aambiwa nambari yake si sahihi. Hapo yeye hailaumu maktaba, huilaumu kamati.

Njia ya pili ni kuweka faili moja kwenye seva na tovuti zote zilitumie hilo hilo. Seva ya Tomcat, ambayo huendesha programu za Java, ina folda maalumu ya kazi hiyo. Kwa upande wa Windows, mfumo wa .NET Framework wa mwaka 2002 ulikuja na ghala la pamoja liitwalo Global Assembly Cache, ambalo laweza kuhifadhi matoleo kadhaa ya maktaba moja bila kugongana. Ukirekebisha mara moja, umerekebisha kote. Lakini samaki mmoja akioza huoza wote: toleo jipya likiwa na kasoro, tovuti zote tatu huanguka saa ile ile, pengine usiku wa kuamkia siku ya kulipa karo.

Njia hii ina mitego miwili ambayo kiongozi anafaa kuijua hata kama si fundi. Mtego wa kwanza: Tomcat, kwa kawaida yake, huangalia kwanza folda ya tovuti yenyewe kabla ya kwenda kwenye folda ya pamoja. Kwa hivyo kama tovuti moja imebaki na nakala yake ya zamani, hiyo ndiyo itakayotumika, hata kama umeshaweka mpya kule kwa pamoja. Fundi atakuambia kazi imekwisha, kumbe mlango mmoja bado ni ule ule wa zamani. Mtego wa pili: kubadilisha faili kwenye diski hakutoshi. Programu iliyokwisha kuwashwa huwa imelibeba faili la zamani kwenye kumbukumbu yake, na huendelea nalo mpaka izimwe na kuwashwa upya.

Dunia nzima ililijua hilo tarehe 7 Aprili 2014, ilipotangazwa kasoro iitwayo Heartbleed katika OpenSSL, maktaba inayotumiwa kulinda mawasiliano ya tovuti. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu toleo 1.0.1 la Machi 2012, na ilimwezesha mtu wa nje kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva, pamoja na nywila na funguo za siri. Kwa kuwa seva nyingi za Linux hutumia faili moja la pamoja la OpenSSL, sasisho moja liliweza kutibu programu nyingi za seva hiyo. Lakini waliosasisha bila kuwasha upya huduma zao walibaki wazi vile vile.

Miaka saba baadaye tukaona upande wa pili. Desemba 2021 ilitangazwa kasoro ya Log4j, maktaba ya Java inayoandika kumbukumbu za matukio ya programu. Hapa shida kubwa ilikuwa nakala. Programu nyingi zilikuwa zimeibeba Log4j ndani ya mafaili yao wenyewe, jar ndani ya jar, na wenyewe hawakujua. Watu walikesha wakizitafuta nakala moja moja. Na walipokwisha kuweka toleo 2.15.0, ikabidi waende 2.16.0, kisha 2.17.0, kwa kuwa dawa ya kwanza haikutosha.

Kwa hivyo nakala nyingi zina hatari yake, na faili la pamoja lina yake. Ndiyo maana wengi wameelekea njia ya tatu, na mimi pia ndiyo ninayoipendekeza. Maktaba huwekwa kwenye ghala la vifurushi, kwa mfano Maven kwa Java au NuGet kwa .NET, kila toleo na nambari yake. Kila tovuti huandikwa wazi yataka toleo gani, na hulipata inapojengwa. Marekebisho hufanywa mara moja ghalani, kisha kila tovuti hupandishwa kwa zamu yake baada ya kujaribiwa. Hata Microsoft, ilipotoa .NET Core mwaka 2016, iliachana na lile ghala la pamoja la kwenye seva. Njia hii yataka nidhamu ya kuandika, maana bila orodha utarudi kule kule kwa nakala iliyosahaulika.

Lakini nambari za matoleo hazitakusaidia kitu kama ile halwa unayo na mpishi hujui aliko. Hapa ndipo penye kidonda chetu. Najua taasisi moja ya mjini iliyolipa pesa nzuri kutengenezewa tovuti zake, ikakabidhiwa mafaili yaliyokwisha kukompailiwa, na msimbo chanzo ukabaki kwenye kompyuta ya fundi. Fundi akahama, simu yake haipatikani. Siku maktaba ya malipo ilipohitaji mabadiliko madogo, hapakuwa na wa kuyafanya. Walilazimika kulipa tena, kuanzia mwanzo.

Na si hasara ya pesa tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yaitaka taasisi iliyokusanya taarifa za watu izilinde, na zikivuja kwa namna ya kuhatarisha wenyewe, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Jukumu hilo ni la taasisi. Kusema "fundi ndiye ajuaye" hakutakuwa jibu.

Basi ewe mwanakamati, kabla hujatia saini hundi ya mwisho, omba vitu vinne. Msimbo chanzo wa maktaba na wa tovuti zote, uhifadhiwe mahali ambapo nywila yake iko kwa taasisi. Orodha ya maktaba zote, pamoja na toleo linalotumiwa na kila tovuti. Maelezo ya namna ya kuzijenga upya kutoka kwenye msimbo huo. Na namna ya kurudi kwenye toleo la jana iwapo la leo litaleta matata.

Kisha mtafute fundi mwingine, asiyejuana na wa kwanza, umpe vitu hivyo na umwombe azijenge tovuti zote tatu kwenye kompyuta nyingine. Akiweza, umekabidhiwa kazi yako. Akishindwa, hundi isubiri.