Krimu Ileile, Bei Mbalimbali Himo

Anayeshuka kwenye gari la abiria aina ya Noah pale Himo, Kilimanjaro, akiwa na fangasi za miguu hahangaiki kupata dawa. Famasi zipo, maduka ya dawa muhimu yapo, na abiria wa Marangu, Rombo na Holili wanapita kutwa nzima. Kinachomshtua ni bei. Tyubu mbili za krimu ya fangasi, clotrimazole asilimia 1, zimekaa rafu moja, na ya kwanza inauzwa mara kadhaa ya bei ya jirani yake.

Asilimia 1 ni miligramu 10 za dawa katika kila gramu ya krimu. Tyubu ya gramu 20 ina miligramu 200, iwe imetoka Ujerumani, India au Kenya. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani ndiyo iliyoivumbua dawa hiyo, ikaiingiza sokoni mwaka 1973 kwa jina la Canesten, na hataza yake ilikwisha zamani. India, kwa sheria yake ya hataza ya mwaka 1970, haikuilinda dawa yenyewe bali njia ya kuitengeneza tu, na mambo yakabaki hivyo hadi 2005. Viwanda vyake vikatafuta njia nyingine za kupika dawa zilezile, vikashindana vyenyewe kwa vyenyewe, bei zikaporomoka.

Kati ya Canesten na tyubu isiyo na jina kubwa kuna ngazi ya tatu, na hapo ndipo wateja wengi wanapopotea: nakala zilizopewa majina yao ya biashara. Candid ya Glenmark, kampuni ya India, ni clotrimazole. Mteja anayesema "nipe orijino" anaweza kuondoka na nakala ya namna hii huku akiamini amenunua dawa ya mvumbuzi. Candid-B ni dawa nyingine, kwa kuwa imeongezewa beclometasone, ambayo ni steroidi. Steroidi hutuliza muwasho haraka, lakini ikipakwa ovyo kwenye fangasi huweza kuuficha ugonjwa ukaendelea kusambaa. Hasara hiyo naiona kubwa kuliko tofauti yoyote ya bei, maana mgonjwa hurudi dukani mara kwa mara kununua kinachomdhuru.

Katika maduka binafsi bei ya rejareja haipangwi na serikali. Mwenye duka huongeza faida yake juu ya bei ya jumla, hivyo tyubu ya ghali humwachia shilingi nyingi zaidi kwa nafasi ileile ya rafu. Simlaumu, ana pango na leseni za kulipia. Lakini fangasi hutaka kupakwa dawa wiki 2 hadi 4, na aliyemaliza pesa kwenye tyubu moja ya bei kubwa huacha kupaka muwasho unapopoa. Kwa bei hiyohiyo angepata tyubu za bei nafuu za kutosha kumaliza tiba.

Wanaoogopa nakala wana hoja katika sehemu moja. Kwa steroidi kali na dawa za pumu ya ngozi, mafuta yanayobeba dawa hubadili kiasi kinachopenya kwenye ngozi, kwa hiyo kubadilisha chapa kunahitaji ushauri wa daktari. Kwa clotrimazole iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, sioni sababu ya kulipia boksi.

Mbali na fangasi, bei ya chapa huumiza zaidi nyumba kubwa inapoingia upele. Benzyl benzoate ya asilimia 25 ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, ila lazima wapakwe wote wanaoishi pamoja, kwa wakati mmoja. Familia ya watu wanane ikiandikiwa dawa ya chapa ya ghali, atatibiwa mtoto anayejikuna zaidi, na wengine watamwambukiza tena.

Moshi mjini, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, dawa za kupaka huchanganywa palepale, bila kutegemea chapa. Bohari ya Dawa ya serikali nayo hununua kwa jina la dawa, wala si kwa chapa. Zahanati binafsi zikiandika vyeti kwa mtindo huohuo, mteja wa Himo atafika dukani akiwa na swali moja tu la kuuliza: ya bei ya chini iliyosajiliwa ni ipi?