TAA ZA ISHARA KATIKA PIKIPIKI ZA ZAMANI: SABABU ZA KUTOPEPESA NA NJIA ZA KUREKEBISHA

Watumishi wa Serikali na wakaazi wanaotumia pikipiki zilizoundwa miaka ya 1970 na 1980 wanakumbushwa kwamba taa ya ishara inayowaka mfululizo, bila ya kuzimika na kuwaka tena, haitoi ishara yoyote. Anayekuja nyuma huidhani kuwa ni taa ya kawaida, akaamua kupita wakati ule ule ambao mwenziwe anakata kona.

Hali ya Ikinga, kata iliyomo Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe, inafaa kuchukuliwa kuwa mfano. Huko mvua, tope na mtikisiko wa barabara za udongo hulegeza nyaya na kuotesha kutu, kama vile hewa ya chumvi inavyofanya Visiwani. Aidha, mwendeshaji anayetoka Ileje kwa barabara ya Isongole hufika Mpemba na kukutana na barabara kuu ya Tanzania na Zambia, penye malori yanayokwenda mpakani Tunduma. Mahali kama hapo ishara isiyosomeka yaweza kugharimu maisha.

Namna taa zinavyofanya kazi

Kinachozifanya taa zipepese ni kifaa kidogo kiitwacho flasha. Katika flasha nyingi za zamani umeme unaokwenda kwenye balbu hutia joto kipande cha chuma. Kipande hicho kikipata moto hujikunja na kukata umeme, kikipoa hurudi na kuunganisha tena. Mwendo unaokubalika kimataifa ni mara 60 hadi 120 kwa dakika. Ifahamike kwamba flasha ya aina hii hutegemea wingi wa umeme unaopita. Umeme ukiwa hafifu, chuma hakipati joto la kutosha, na taa hubaki zikiwaka tu.

Pikipiki nyingi ndogo za wakati huo zilitumia betri ya volti 6. Balbu mbili za wati 18 kila moja huhitaji ampea 6 katika volti 6, lakini ampea 3 tu katika volti 12. Kutu kidogo yenye ukinzani wa omu 0.1 hupoteza volti 0.6 katika mfumo wa volti 6, yaani sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ya betri. Katika volti 12 hasara ni volti 0.3, sehemu moja ya arubaini. Ndiyo maana pikipiki ya zamani husumbuliwa na kasoro ambayo pikipiki mpya isingeihisi.

Utaratibu wa ukaguzi

Kununua flasha mpya kabla ya ukaguzi mara nyingi ni kupoteza fedha, ziwe za mwenye chombo au za ofisi. Inapendekezwa kufuata hatua hizi:

(a) Betri. Ikiwa imejaa na imepumzika, betri ya volti 6 husoma takriban 6.3, na ya volti 12 husoma takriban 12.6. Taa zikipepesa pale tu injini inapoongezwa mwendo, betri ni dhaifu.

(b) Pande mbili. Flasha ni moja kwa kulia na kushoto. Upande mmoja ukifanya kazi vizuri, flasha ni nzima; kosa litafutwe upande wa pili.

(c) Balbu. Volti na wati zilizoandikwa kwenye kitako zilingane na zile zilizowekwa na kiwanda. Balbu yenye wati chache haitoi mzigo wa kutosha.

(d) Ethi. Umeme hurudi kwenye betri kupitia fremu. Waya wa muda ufungwe kutoka fremu safi hadi kitako cha balbu. Taa zikianza kupepesa, kosa ni ethi. Fyuzi itolewe, kisha kutu na rangi zisuguliwe kwa msasa hadi chuma king'ae, na nati zikazwe.

(e) Flasha. Ikiwa ni ya miguu miwili, nyaya zake ziunganishwe kwa muda mfupi. Taa zikiwaka kwa mwanga kamili, njia ni nzima na flasha imekufa. Mpya iwe ya volti ile ile.

Kuhusu taa za LED

Taa za LED hutumia umeme kidogo mno, hivyo huhitaji flasha ya kielektroniki isiyotegemea mzigo. Aidha, pikipiki yenye taa moja tu ya ishara kwenye dashibodi huweza kupepesa taa zote nne kwa pamoja, kwa kuwa umeme hupita katika balbu hiyo na kuvukia upande wa pili. Fundi huondoa tatizo hilo kwa kuweka daiodi mbili.

Tahadhari

Fyuzi iliyokatika isibadilishwe kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara, kwani nyaya huweza kuungua. Hadi matengenezo yatakapokamilika, mwendeshaji aoneshe ishara kwa mkono mapema na kwa uwazi, na asisafiri usiku, kwa sababu mkono hauonekani gizani.