Bima ililipa gari, ikaruka rimu na mziki

Ukiishi Kitengela unajua gari si gari tu. Simama Ijumaa jioni kando ya barabara ya Namanga uone Subaru zinavyopita: zimeshushwa mpaka bampa inakwaruza lami, rimu zinang'aa, ekzosi inanguruma, mziki unatikisa vioo vya maduka. Bro yangu mkubwa alikuwa mmoja wa hao. Mshahara wake wa miezi kadhaa ulikuwa umekaa kwenye yale magurudumu.

Mwaka jana gari likaibwa usiku, nje ya ploti.

Hatukupaniki sana. Alikuwa na bima kamili, ile inayolipa hadi wizi, si thadi pati ya kuonyesha askari barabarani. Tulienda polisi tukachukua abstrakti, akajaza fomu, akapeana logbuku na funguo zote mbili. Baada ya kungoja sana, ofa ikaja: thamani ya gari kama lilivyotoka kiwandani, kutoa eksesi, yaani ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Rimu, springi za kushusha na mziki, jumla Sh280,000? Sufuri.

"Boss, hizo vitu hatuzijui," ajenti alimwambia.

Nilitaka kuandika hapa kwamba kampuni za bima ni wezi. Kisha nikaketi na ule mkataba, kurasa ambazo hakuna mtu husoma, na inaniuma kusema, lakini jamaa hawakuwa wanadanganya.

Bima hulipa gari lililo kwenye karatasi. Mwanzoni wanakutuma kwa mthamini, analikagua na kuandika thamani yake. Siku hiyo gari la bro lilikuwa na rimu za kiwandani, kwa hivyo hilo ndilo gari wanalolijua. Redio mara nyingi huwa na kikomo chake, tuseme Sh30,000 au Sh50,000, na ukitaka zaidi unaongeza premiamu. Kitu chochote unachofunga baadaye inabidi uwaambie, waongeze kwenye mkataba kwa maandishi. Kumwambia ajenti kwa simu haitoshi.

Mbona hatusemi? Tunaogopa premiamu kupanda. Lakini piga hesabu: kama unalipa asilimia 4 ya thamani, Sh280,000 ni Sh11,200 kwa mwaka. Bro alitumia zaidi ya hiyo kupaka vioo tinti.

Shida ya pili ni risiti. Spea tunanunua Kirinyaga Road kwa keshi, au unatuma M-Pesa kwa namba ya mtu binafsi, unafungiwa na unaenda. Na tusidanganyane, kuna rimu huuzwa bila maswali kwa sababu zilitoka kwa gari la mtu mwingine aliyeamka akakuta limewekwa juu ya mawe. Mkadiriaji akiuliza ulinunua wapi, utamwonyesha nini?

Wenye kubadilisha injini, nyinyi mko pabaya zaidi. Kama namba ya injini hailingani na iliyo kwenye logbuku, na hukuarifu NTSA wala bima, hoja haitakuwa tena rimu. Dai lote linaweza kukataliwa.

Ukiona kweli umeonewa, iandikie kampuni kwanza, kisha upeleke malalamiko kwa IRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Bro alifikiria kwenda. Wangemuuliza ushahidi, na alichokuwa nacho ni picha za Instagram, nyingi zikionyesha yeye zaidi ya gari.

Alichukua ile ofa, akalipa mkopo wa sacco, ikaisha.

Juzi tulikuwa Kajiado mjini, tumeketi kwa kibanda tukingoja nyama. Probox ikaegesha mbele yetu. Bro akanyamaza. Rimu zilikuwa zile zile, rangi ile ile, na moja ilikuwa na mkwaruzo pale alipogonga ukingo wa barabara akirudi kutoka Isinya. Au mkwaruzo unaofanana. Dereva alinunua soda, akaingia ndani, akawasha akaenda, na sisi tukabaki tukiangalia vumbi.

"Ningemwambia nini?" bro akaniuliza.